Safari Isiyo na Njia

Miongoni mwa aina zote za michezo ya video, mchezo wa uhusika wa ulimwengu wazi ndio unaomwahidi mchezaji makubwa zaidi, kwa kuwa haumpi mstari mmoja wa kufuata tangu mwanzo hadi mwisho, bali humpa nchi nzima pamoja na mtu wa kubuni, ambaye mchezaji humvaa kama mwigizaji anavyovaa uhusika jukwaani, kisha humwacha aende anakotaka, azungumze na amtakaye, apigane au akimbie, anunue au aibe, na ajijengee jina kwa matendo yake mwenyewe. Ahadi ya namna hiyo ni ngumu kuitimiza na ni ngumu zaidi kuihukumu, kwa sababu kila mchezaji huingia na hamu yake, na watu wawili waliokaa saa mia katika ulimwengu uleule huweza kutoka na habari zisizofanana hata kidogo.

Starfield, mchezo uliotolewa tarehe 6 Septemba 2023 na studio ya Bethesda Game Studios ya Rockville, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, uliichukua ahadi hiyo na kuipandisha angani. Hadithi yake inaanza mwaka 2330, wakati binadamu wamekwisha kuihama Dunia na kusambaa katika mifumo ya nyota ipatayo mia moja yenye zaidi ya sayari 1,000, na mchezaji, ambaye mwanzoni ni mchimba madini wa kawaida katika mwezi uitwao Vectera, anagusa kipande cha chuma kisichojulikana, anaona maono, na kujikuta ameingizwa katika chama cha wavumbuzi kinachoitwa Constellation. Huo ulikuwa ulimwengu mpya wa kwanza kubuniwa na studio hiyo katika kipindi cha zaidi ya miaka 25, ulikuwa umetangazwa tangu mwaka 2018, na ulisogezwa mbele kutoka tarehe 11 Novemba 2022 iliyopangwa awali. Katikati ya kusubiri huko kampuni ya Microsoft iliinunua ZeniMax Media, kampuni mama ya Bethesda, kwa dola za Marekani bilioni 7.5, na matarajio yakazidi kuumuka.

Mapokezi yake hayakufanana na ya mchezo uliofanikiwa wala ya mchezo ulioanguka. Kabla ya Septemba hiyo kwisha, watu zaidi ya milioni 10 walikuwa wameucheza. Wastani wa alama za wahakiki ulizidi 80 kati ya 100, ingawa vyombo viwili vikubwa vya uhakiki, IGN na GameSpot, viliupa 7 kati ya 10. Katika duka la Steam, ambako kila mnunuzi huruhusiwa kusema kama anaupendekeza mchezo au haupendekezi, kura zilianza vizuri, zikateremka wiki baada ya wiki, na ilipofika mwisho wa mwaka nyingi kati ya zile mpya zilikuwa za kuukataa. Hata hivyo wateja wa duka hilohilo waliupigia kura ukapata tuzo ya mwaka 2023 ya mchezo wenye ubunifu mkubwa kuliko yote, jambo lililowaacha wengi vinywa wazi, wakati katika hafla ya The Game Awards ya Desemba haukuwamo hata katika orodha ya waliowania tuzo ya mchezo bora wa mwaka, iliyokwenda kwa Baldur's Gate 3.

Zipo sababu za juujuu za mgawanyiko huo. Mchezo ulipotoka haukuwapo katika mashine za PlayStation, kwa hiyo baadhi ya kelele zilikuwa za ugomvi wa mashabiki wa kampuni mbili na hazikuwa na uhusiano wowote na sayari wala nyota. Aidha, uliwekwa tangu siku ya kwanza katika Game Pass, huduma ambayo mteja hulipia ada ya mwezi na kupata maktaba nzima ya michezo, hivyo ukawafikia watu wengi ambao kwa hiari yao wasingetoa dola 70 kununua mchezo wa mtindo huu. Sababu hizo zina ukweli wake, lakini hazielezi kwa nini waliovunjika moyo kuliko wote walikuwa wapenzi wa siku nyingi wa studio hiyohiyo, watu waliokuwa wameishi miaka kumi na zaidi ndani ya kazi zake za awali na waliojua barabara walichokuwa wakikitafuta. Watu hao walikikosa kitu ambacho hakikuandikwa katika tangazo lolote, nacho ni njia.

Neno njia hapa lina maana yake ya kawaida kabisa: ardhi iliyo kati ya mahali mtu anapotoka na mahali anapokwenda. Katika Skyrim, mchezo wa Bethesda wa mwaka 2011, mchezaji aliyenusurika kukatwa kichwa huambiwa apeleke habari katika mji wa Whiterun, na kazi yenyewe, ikiandikwa karatasini, haizidi mstari mmoja. Lakini mchezaji anatembea. Anashuka mlima akifuata mto, anaona juu ya ukingo wa jabali magofu yenye matao meusi ambayo hakuna aliyemtuma aende, anapita kijiji chenye kinu cha mbao ambako watu wawili wanamgombania msichana mmoja, na anapokaribia mji anakuta katika shamba la kando ya barabara wapiganaji wakikabiliana na jitu kubwa, na hapo anaweza kuwasaidia, kuwatazama au kupita zake. Akifika langoni huwa amekwisha kusahau nusu ya alichotumwa, kwa kuwa njiani amepata mambo manne ambayo ni yake mwenyewe. Watu wa pwani husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, yaani anayezurura ufukweni hakosi kitoweo, na hakuna studio iliyouchukua ukweli huo na kuufanya kanuni ya kazi kama ilivyofanya Bethesda kwa takriban miaka ishirini.

Ili kuelewa jinsi njia ilivyopotea inafaa kueleza mbinu inayoitwa uzalishaji kwa kanuni, ambayo kwayo mbunifu hachori kila mlima na kila jiwe kwa mkono, bali huiandikia kompyuta kanuni za jinsi mlima unavyokuwa, kisha kompyuta, ikianzia na namba moja tu inayofanya kazi ya mbegu, huotesha milima kwa maelfu. Mbinu hii ni ya zamani na ina heshima yake. Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, waliitumia kuandika Elite, mchezo wa biashara na vita vya angani wenye magalaksi 8 na sayari 256 katika kila galaksi, ndani ya kompyuta ya BBC Micro ambayo kumbukumbu yake yote ilikuwa kilobaiti 32, kiasi ambacho leo hakitoshi kuhifadhi picha moja ya simu. Mwaka 2016 studio ndogo ya Kiingereza, Hello Games, ilitoa No Man's Sky wenye sayari zaidi ya trilioni milioni 18, ikapokewa kwa hasira kwa kuwa sayari hizo zilikuwa na mambo machache mno ya kufanya, kisha ikatumia miaka kuurekebisha mchezo mpaka ukapendwa.

Bethesda yenyewe ilikuwa imekwisha kuipita njia hiyo. Daggerfall, mchezo wake wa mwaka 1996, ulizalishwa kwa kanuni na kuwa na maeneo takriban 15,000, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyeweza kuimaliza wala aliyekuwa na sababu ya kujaribu, kwa maana mji wa mia tatu ulikuwa ndugu pacha wa mji wa tatu. Studio ilijifunza. Mchezo mkuu uliofuata katika mfululizo wa Daggerfall na Skyrim, Morrowind wa mwaka 2002, ulioongozwa na Todd Howard ambaye ndiye aliyekuja kuongoza Starfield, uliiacha nchi ile kubwa na kubaki na kisiwa kimoja, Vvardenfell, kilichopangwa kwa mkono, uyoga kwa uyoga na pango kwa pango. Sifa yote iliyofuata ilijengwa juu ya uamuzi huo wa kupunguza, na kwa hiyo kurudi kwa sayari 1,000 kulikuwa kurudi kwenye swali ambalo nyumba hiyohiyo ilikuwa imelijibu zaidi ya miaka ishirini kabla.

Safari ndani ya Starfield huenda hivi. Mchezaji aliye ndani ya chombo chake anafungua ramani ya nyota, anachagua mfumo, anachagua sayari, anaweka alama mahali anapotaka kutua, kisha anabonyeza kitufe. Skrini inaingia giza, inatokea filamu fupi ya chombo kikishusha miguu katikati ya vumbi, giza linarudi, na mchezaji amesimama chini. Anga aliyoivuka hakuivuka. Ndani ya mfumo mmoja kuna nafasi ya kuendesha chombo na kupigana na maharamia, na vita hivyo vinasisimua, lakini kutoka sayari moja kwenda nyingine kwa usukani lilikuwa jambo lisilokusudiwa kabisa mchezo ulipotoka: mchezaji mmoja aliyevumilia kuruka kwa takriban saa saba kuelekea Pluto alifika na kukuta kwamba Pluto ile ni picha tu, isiyo na ardhi ya kutua, na chombo chake kikapenya ndani yake kama kinavyopenya moshi.

Akiwa chini, mchezaji anatoa kifaa chake cha kuchunguzia, na alama tatu au nne zinajitokeza kwenye upeo wa macho, kila moja ikiwa umbali wa mita mia kadhaa hadi elfu moja na zaidi. Anaanza kukimbia. Akikimbia sana, hasa akiwa amebeba mzigo mzito, hewa ya oksijeni inapungua na kaboni dioksidi inapanda, hivyo anatembea, anakimbia tena, anatembea tena, juu ya changarawe nzuri za kijivu zilizochorwa kwa ustadi mkubwa. Mara ya kwanza anapoingia katika maabara iliyotelekezwa, yenye barafu iliyoganda ukutani na maiti za wafanyakazi sakafuni, anasoma maandishi yaliyoachwa mezani na kuguswa na hatima ya watu wale. Kisha, saa kumi baadaye, katika nyota nyingine iliyo mbali kabisa na ile ya kwanza, anafungua mlango na kuikuta barafu ileile, meza ileile, maiti ileile imelala vilevile, na maandishi yaleyale kwa jina lilelile la mtu aliyekufa. Kanuni iliyotengeneza ardhi haikuwa na majengo ya kutosha ya kupanda juu yake, ikarudia yaliyopo. Hapo ndipo wengi walipoweka mashine chini, kwa kuwa tangu dakika hiyo kila alama ya upeo wa macho huwa na shaka, na mvumbuzi aliyepoteza matumaini ya kukuta kitu kipya hana tena sababu ya kupanda kilima. Kwao usemi uliofaa ukawa ni ule mwingine, kwamba mtembezi hula miguu yake.

Utetezi wa studio unastahili kusikilizwa kwa makini, maana haukuwa wa kijinga. Ashley Cheng, mkurugenzi mtendaji wake, alieleza mwaka 2023 kwamba ukubwa wa anga unapaswa kumfanya mtu ajione mdogo, na kwamba wanaanga waliofika mwezini hawakukuta kitu huko lakini hawakuchoshwa. Todd Howard naye alikuwa amesema mapema kwamba takriban asilimia 10 tu ya sayari zile zina uhai, na anayejua lolote kuhusu anga halisi atakiri kwamba hata hiyo ni asilimia ya ukarimu. Utupu, basi, ulikuwa umekusudiwa. Lakini Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikaa mwezini kwa muda usiofika siku moja mnamo Julai 1969, na kati ya muda huo saa mbili na nusu tu ndizo walizotumia nje ya chombo, wakiwa na hewa ya kuhesabu na injini moja ya kuwaondoa huko ambayo ingegoma wangekufa. Hawakuchoshwa kwa sababu kila hatua ilikuwa na bei.

Jambo lililo wazi kwa anayefuatilia jinsi mchezo ulivyotengenezwa ni kwamba bei hiyo ilikuwapo, ikaondolewa. Howard amesimulia hadharani kwamba katika matoleo ya awali chombo kiliweza kuishiwa mafuta, na mchezaji aliyefanya hesabu vibaya alikwama katika nyota ya mbali mpaka atafute gesi ya heliamu-3 ya kumwondoa. Ameeleza pia kwamba madhara ya joto kali, baridi na hewa yenye sumu yalikuwa makali zaidi na yalipunguzwa sana kwa kuwa yaliwachanganya na kuwaudhi waliojaribu mchezo. Katika mchezo uliotoka, mafuta hujijaza yenyewe na huamua tu umbali wa safari moja, na sumu ya sayari humletea mchezaji kikohozi anachokitibu kwa dawa iliyomo mfukoni. Ni rahisi kuona kwa nini uamuzi huo ulionekana wa busara, maana mtu aliyekwama angani bila mafuta hachezi, anangoja. Lakini sayari tupu ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya msafiri mwenye hofu, ambaye kwake machimbo ya gesi yanayoonekana mbali ni wokovu, na hofu ilipoondolewa utupu ukabaki peke yake bila kazi. Katika makosa yote yanayotajwa kuhusu Starfield, hili ndilo kubwa, na ni la kusikitisha hasa kwa sababu lilizaliwa na huruma kwa mchezaji.

Wanaoupenda mchezo huu hawajadanganyika, na ni dharau kudhani kwamba macho yao hayaoni. Wao hawakuja kutafuta njia, walikuja kutafuta vituo, na vituo vyake vingi ni vizuri mno. Ipo misheni ambayo mchezaji anaitwa kwenye maabara ya Nishina, na ndani yake anagundua kwamba jaribio lililoharibika limeigawanya nyumba hiyo katika malimwengu mawili. Katika ule wa kwanza ukumbi unawaka moto, dari imeporomoka, viumbe wa porini wanazurura korido na mfanyakazi mmoja tu, Rafael, ndiye aliyesalimika. Mchezaji akigusa mpasuko wa mwanga unaoelea hewani, moto unazimika kufumba na kufumbua, taa ni nyeupe, vikombe viko mezani, wenzake Rafael wote wako hai, na yeye ndiye aliyekufa. Njia iliyozibwa na kifusi upande huu iko wazi upande ule, hivyo mchezaji huenda akirukaruka kati ya msiba na amani mpaka afike mwisho, ambako lazima achague ni ulimwengu upi utakaobaki, isipokuwa kwa mwenye subira na jicho kali, ambaye anaweza kuyaokoa yote mawili. Misheni hiyo ingetosha kulinda heshima ya mchezo wowote.

Kipo pia chombo chenyewe. Mchezaji anaruhusiwa kukijenga kwa vipande, akichagua mtambo wa nishati, injini, miguu ya kutulia, chumba cha nahodha, jiko, vitanda na karakana kutoka kwa watengenezaji wa kubuni kama Deimos, Taiyo na Stroud-Eklund, ambao kila mmoja ana mtindo wake unaotambulika kwa mbali, kisha akatembea ndani ya kile alichokiunda, na hapo watu wametumia usiku na mchana. Wapo waliojenga nakala za vyombo vya filamu maarufu, wapo waliojenga meli za mizigo zenye sura ya kontena zilizopangwa bandarini, na wapo waliokijaza chombo viazi kwa maelfu ili wafungue mlango na kuvitazama vikimwagika kimoja kimoja, kila kiazi kikibingirika kwa uzito wake. Viazi hivyo vinaonyesha jambo la maana: injini ya Bethesda, yaani programu kuu inayoendesha mchezo, hukumbuka kila kitu kidogo mahali kilipoachwa, kikombe, kalamu au sandwichi, na kumbukumbu hiyo nzito ni sehemu ya sababu ya ulimwengu wake kugawanywa katika vyumba vinavyofunguliwa kimoja kimoja, kila kimoja na giza lake la kusubiri mlangoni. Kinachowafurahisha hawa ndicho hichohicho kilichowachosha wale. Hata mafundi wa vyombo wana malalamiko yao, kwa maana mchezo ndio unaoamua ngazi na milango ikae wapi, na kila muundo ukibadilishwa mapambo yote yaliyopangwa ndani hukusanywa na kutupwa stoo.

Kuhusu hadithi, maoni yamegawanyika hata ndani ya misheni moja. Chombo ECS Constant, kilichoondoka Duniani miaka mia mbili iliyopita kikiwa na kizazi kilichojua kwamba kingefia njiani, kinafika hatimaye kwenye sayari iliyoahidiwa na kukuta imejengwa hoteli ya kifahari ya Paradiso. Wazo hilo lina uzito wa riwaya nzima: wajukuu wa wajukuu wamefika, wamechelewa, na nyumba ina mwenye nayo. Lakini mchezaji anapokaa mbele ya wakurugenzi wa hoteli, anapewa nafasi ya kuwatafutia wageni hao mtambo wa kuwapeleka kwingine, au kuwakubalia wabaki kwa sharti la kufanya kazi chini ya hoteli, au kukilipua chombo chao. Kuwawajibisha wakurugenzi wenyewe si mojawapo ya njia. Mwezi mmoja kabla ya Starfield kutoka, Baldur's Gate 3 wa studio ya Larian ya Ubelgiji ulikuwa umewazoesha wachezaji kuona hata uamuzi wa ajabu kabisa ukizaa matokeo, kwa hiyo ukuta huo uliuma zaidi kuliko ungeuma mwaka mwingine.

Mwisho wa hadithi kuu ni jambo la ujasiri ambalo halijapata wa kulingana nalo katika michezo ya ukubwa huu. Mchezaji anafika mahali paitwapo Unity na kupewa nafasi ya kuvuka kuingia katika ulimwengu mwingine unaofanana na huu, akiacha chombo chake, fedha zake, kambi alizojenga na watu aliowapenda, na kubaki na stadi na nguvu zake tu. Katika ulimwengu mpya anaweza kukuta mambo yaleyale, lakini mara chache hukuta makao ya Constellation yamejaa watoto, au kila mwanachama akiwa nakala ya mchezaji mwenyewe. Aliyecheza kwa ajili ya maswali huona hapo kwamba mchezo unazungumza juu ya mchezaji mwenyewe na tamaa yake ya kuanza upya daima, ilhali aliyetumia saa mia kujenga huambiwa kwamba thawabu ya kumaliza ni kunyang'anywa. Wote wawili wamesoma sawasawa.

Studio haikukaa kimya. Mei 2024 ilileta ramani halisi za miji, ambazo kukosekana kwake tangu mwanzo kulikuwa kasoro isiyo na udhuru, pamoja na vipimo vya kuongeza ugumu ambavyo vilirudisha njaa na ukali wa mazingira kwa anayevitaka. Agosti mwaka huohuo lilikuja gari la kuendeshea ardhini, REV-8, na zile mita elfu za changarawe zikafupika. Tarehe 30 Septemba 2024 ilitoka nyongeza ya kulipia, Shattered Space, inayofanyika karibu yote katika sayari moja iliyopangwa kwa mkono, Va'ruun'kai, ambako mtu anatoka mji wa Dazra kwa miguu na kukutana na mambo njiani kama zamani. Ingetarajiwa kwamba kurudi kwa njia kungewaridhisha waliodai njia, lakini nayo ilipokewa kwa ubaridi, wengi wakiiona fupi kwa bei ya dola 30 na uandishi wake ukiwa na udhaifu uleule wa mwanzo, jambo linaloonyesha kwamba imani ikishavunjika haitibiwi na ramani wala gari, na kwamba njia peke yake haifui dafu pale ambapo watu waliopo njiani hawana neno jipya la kusema.

Katika sayari zote hizo kuna moja ambayo kila mchezaji huitafuta, akiwa anaupenda mchezo au amekwisha kuuchoka. Dunia ipo, inafikika, na imekufa: uga wake wa sumaku, ngao inayozuia hewa isipeperushwe angani, ulipotea, na bahari zikageuka mchanga. Kitabu kuhusu Misri ya kale, kikisomwa ndani ya mchezo, huonyesha mahali pa kutua. Chombo kinashuka, mchezaji anatoka akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, na mbele yake zimesimama piramidi za Giza, bila Kairo, bila Mto Nile, bila sauti isipokuwa ya upepo. Hakuna adui wa kupigana naye na hakuna mtu wa kuzungumza naye. Kuna tufe dogo la kioo la kuokota, na basi. Wapo walioliokota na kuondoka kwa dakika mbili, wakiwa na hakika kwamba hapo ndipo uvivu wa mchezo ulipojianika, na wapo waliokaa mpaka jua likazama nyuma ya mawe yale, wakarudi kwenye chombo walichokijenga kipande kwa kipande, wakaliweka lile tufe juu ya meza ya jikoni kando ya sahani, na hawakukibadilisha tena chombo hicho, ili lisije likatupwa stoo.